Bwana Majira na Saa Zake Mbili

Shemeji yangu alikuwa msoma mita za maji katika mji usio na maji. Naanzia hapo kwa sababu mtu akishalijua hilo, mengine hayatamshangaza. Mabomba yetu hutoa upepo siku nyingi kuliko yanavyotoa maji. Ukifungua unayasikia yanakohoa kama mzee mwenye kifua, halafu kimya. Lakini yeye kila mwisho wa mwezi alipita nyumba kwa nyumba na tochi yake, anainama, anasoma upepo, anaandika upepo, na watu wanaletewa ankara ya upepo. Ukimlalamikia anakujibu, "Mimi nasoma tu. Maji yenyewe waulize wenye maji."

Alimwoa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Mdogo wangu ni mtu wa kazi, ana mkono mwepesi, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kila alichoambiwa na mumewe alikiamini. Mungu hakuwajalia mtoto. Basi ilipotokea nafasi ya kazi za ndani katika mji wa mbali, mji wa jangwani kama huu wetu ila wenye pesa zake, mumewe akamwambia nenda, miaka miwili si mingi. Akaenda.

Siku ya kuondoka tulimsindikiza mpaka ofisi ya wakala anayepeleka watu. Ni chumba kimoja chenye feni, meza, na kochi la kukalia wanaosubiri. Ukutani zimepangwa saa kadhaa kwa mstari, kila moja ina karatasi chini yake yenye jina la mji. Mdogo wangu alikuwa analia begani kwa mama. Mumewe alikuwa anatazama ukuta. Huku ilikuwa adhuhuri, na ile saa yenye jina la mji anakokwenda mkewe ilionyesha saa tatu. Sijui nani alimwambia kwamba ni saa tatu ya usiku. Nadhani alijiambia mwenyewe, maana mji uko mbali, na kwa akili yake penye mbali lazima pawe usiku. Akatoa mfukoni saa ya pili aliyonunua njiani, akaiweka sawasawa na ile ya ukutani, akaivaa mkono wa kushoto. Ya huku akaibakiza kulia. Mkewe akapanda gari ya uwanja wa ndege huku yeye bado anabonyeza kile kidude cha pembeni.

Tangu siku hiyo aliacha mita. Alisema mume wa mtu aliye nje hawezi kupiga hodi milangoni kwa watu. Akanunua viatu vyeupe. Viatu vyeupe, katika mji ambao vumbi linaingia mpaka ndani ya yai! Kila hatua mbili anasimama, anatoa leso, anapangusa. Mimi nafua mashuka ya zahanati, najua vumbi la huku kuliko ninavyojua ndugu zangu. Naanika shuka nyeupe, na kabla sijafika mwisho wa kamba ya kwanza imekauka na imeshageuka rangi ya chai. Lakini mimi nafua kwa sababu kuna mgonjwa atalalia. Yeye alipangusa ili apate pa kuinamia, maana mita hakuna tena.

Kituo chake kikawa benchi la kinyozi, mbele ya kibanda. Pale ndipo alipopewa jina la Bwana Majira, na alilipenda, hakujua kwamba wanamcheka.

"Bwana Majira," kinyozi anamwita huku mkasi unalia kichwani kwa mtu, "kule saa hizi vipi?"

Basi anakunja mkono wa shati taratibu, kama daktari anayetaka kukuchoma sindano. Anaitazama saa ya kushoto. Anaitazama ya kulia. Anatikisa kichwa kutuhurumia.

"Kule saa hizi giza totoro. Mbwa wenyewe wamelala."

"Na shemeji yetu?"

"Amelala."

"Umejuaje?"

"Ndugu yangu, wewe una saa moja. Utajuaje wewe?"

Halafu anaanza somo. Vumbi la huku ni uchafu, la kule ni mchanga mwekundu, watu wanaupiga picha. Huku miti inakufa kwa kiu, kule kila mti una mrija wake unaonyweshwa tone kwa tone kama mgonjwa wa dripu. Huku mtu akisikia joto anatoa kiti nje na kukaa tumbo wazi. Kule wanafunga madirisha na kuwasha mashine, wanajifunika blanketi mchana. Huku boza la maji likiingia mtaani wanawake wanapigana ndoo za kichwa, kule maji yanapanda yenyewe mpaka juu ya paa.

"Kwa hiyo kule afadhali uzaliwe mti kuliko uzaliwe mtu wa huku," mteja mmoja alisema, povu liko shavuni.

"Umesema wewe," Bwana Majira akajibu, kwa fahari, kana kwamba miti ile kaipanda yeye.

Na mkewe alipokuwa akimpigia baada ya chakula cha usiku, huku yeye amejinyoosha kitandani, saa ya kushoto ilimwambia kwamba kule ni alfajiri. Mdogo wangu alikuwa akimwambia, "Leo nimechoka, mume wangu, ndio kwanza namaliza vyombo." Kesho yake kwenye benchi tunaletewa habari: "Kule vyombo huoshwa alfajiri. Watu wa kule hawalali ovyo kama nyinyi." Na wako walioitikia kwa kichwa! Siku nyingine mkewe alimwambia anapasha moto chakula cha usiku cha bosi, yeye akaja kutangaza kwamba wenye hela kule wanakula nyama kabla jua halijachomoza. Mwaka mzima na zaidi mtu anaongea na mkewe, na hakuna siku hata moja alimuuliza, wewe hapo ulipo ni saa ngapi? Angemuulizaje? Alikuwa na saa.

Haya yangekuwa ya kucheka tu kama mama asingekuwepo.

Mama yetu alianza kupoteza macho mwaka huo. Kwanza alikuwa akigonga sufuria, akasema ni uzee. Halafu akawa anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, pembeni pote giza. Nilimpeleka kwa daktari wa macho. Akasema ni presha ya macho, atampa dawa ya matone kuzuia, ila kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki hawezi kuahidi kitakaa muda gani. Usiku wa siku hiyo, wakati nampaka mafuta miguuni, aliniambia, "Sitaki makubwa. Nataka nimwone Kitinda kabla halijafungwa dirisha."

Simu zote za mdogo wangu zilikuwa zinaenda kwa mumewe. Namba yangu aliiacha kwenye simu yake ya zamani, ambayo ilimfia siku alipofika. Namba ya mumewe ndiyo pekee aliyokuwa nayo kichwani. Mke mwema! Kwa hiyo tukawa tunamwendea Bwana Majira, nyumba yake iko ng'ambo ya uchochoro, hatua chache.

"Baba," mama anamwambia kwa adabu zote, "leo naomba niongee na mwanangu."

Mkono unakunjwa. Saa inatazamwa. "Mama, sasa hivi kule usiku. Amelala, na akiamshwa bosi atakasirika."

Akienda asubuhi: "Kule sasa jua linazama, yuko katikati ya kazi."

"Basi akipiga nyinyi mnapoongea, niamshe."

"Nitakuamsha, mama."

Hajawahi kumwamsha. Siku moja mama alikaza kukaa macho, akaenda mwenyewe kwa kupapasa ukuta. Akaambiwa kule kuna dhoruba, mchanga umeingia kwenye mtandao. Mama yangu ni mtu mzima, amezika mume na watoto, akaambiwa mchanga umeingia kwenye mtandao. Akasema, "Haya, baba," akarudi akipapasa ukuta.

Miaka miwili ilipokaribia kwisha tukaanza kujiandaa. Nilitoa godoro nje nikalipiga jua. Ndipo Bwana Majira akaja, akapangusa viatu mlangoni, akaketi bila kukaribishwa.

"Mama, binti yako ameamua kuongeza miaka miwili mingine."

Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo kwa vidole, maana macho hayakumsaidia tena kwa kokoto. Vidole vikasimama.

"Amesema mwenyewe?"

"Mwenyewe kabisa. Kule amezoea. Huku atarudi kufanya nini?"

"Na habari ya macho yangu ulimpa?"

"Nilimpa."

"Akasemaje?"

Akafikiri kidogo. "Akasema pole."

Alipoondoka, mama alisukuma ungo pembeni. "Mwanangu niliyemzaa hawezi kusikia mama yake anapofuka akasema pole, basi. Kesho nenda kwenye ile ofisi iliyompeleka. Kaulize."

Kesho yake niliomba ruhusa zahanati, nikafika pale jua liko utosini. Karani alikuwa msichana mpole, ana kikohozi cha vumbi kama sisi sote. Nilimweleza. Nikamwambia, lakini mwanangu, najua saa hizi kule ni usiku, labda nisubiri.

"Usiku wapi, mama?"

Nikamwonyesha ukutani. Ile saa yenye jina la mji ule ilikuwa pale pale, saa tatu, kama siku tuliyomwacha mdogo wangu. Buibui amefunga uzi kutoka mshale mmoja mpaka mwingine, ametundika na nzi wake.

Karani alicheka mpaka akakohoa. "Ile ilikufa betri kabla mimi sijaajiriwa. Ipo kupamba ukuta. Mama, saa ya kule na ya huku ni ile ile. Kwenye ramani mji ule uko juu yetu, hauko pembeni. Ukisafiri kufuata jua linakotoka au linakozama ndipo saa zinabadilika. Ukipanda juu moja kwa moja unachoka tu."

Nikakaa kwenye kochi. Mtu amekaa karibu miaka miwili akitugawia usiku na mchana kutoka kwenye maiti ya saa, na sisi tumemwitikia. Mungu ametupa macho na ametupa jua bure, tukaenda kuuliza wakati kwa mtu mwenye viatu vyeupe.

Karani akaitafuta namba ya nyumba ile, akapiga. Wakaongea lugha ya watu wa kule kidogo. Halafu akanipa simu.

"Dada?" Sauti ya mdogo wangu ilikuwa nyembamba. "Dada, mama amekufa?"

"Mama mzima. Wewe uko wapi sasa hivi?"

"Juu ya paa, naanua nguo. Jua hili dada, linachoma mpaka kwenye mfupa. Na vumbi! Nafagia asubuhi, nafagia jioni. Ni lile lile la nyumbani, tofauti nalifagia la watu."

Nikatazama dirishani. Kivuli cha mlingoti wa umeme kilikuwa kimejikunyata chini ya mlingoti wenyewe. Jua lake lilikuwa ndilo langu.

"Mbona huzungumzi na mama?"

"Si amekataa? Mume wangu aliniambia mama akisikia sauti yangu analia, presha inapanda, mmesema nisimpigie. Na yeye mama ndiye ametuma niongeze miaka miwili. Kesho asubuhi bibi mwenye nyumba anataka jibu. Nilikuwa nataka kulia dada, lakini kama ndiyo amri ya mama..."

"Nani katuma? Na habari ya macho yake uliambiwa nini?"

"Macho gani?"

Nikamweleza yote aliyosema daktari. Nikampa namba yangu, nikamtajia tarakimu moja moja akaandika mkononi kwa kalamu. Tukakubaliana aombe simu wakati wa jua kuzama, aongee na mama mwenyewe, ndipo ajibu watu.

Jioni nilimtoa mama uani, nikamkalisha kwenye kiti chake karibu na ndoo za maji. Simu ikalia. Nikaweka sauti ya nje, maana mama hajui kushika simu bila kubonyeza kitu.

"Shikamoo mama."

Mama alishika kifua. "Marahaba, mwanangu. Ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi, mama. Dada kanambia habari ya macho. Sikujua. Wallahi mama sikujua."

Wakati huo lango likasukumwa. Bwana Majira huyo, anakuja na kikombe kuomba chumvi, maana kupika kwenyewe aliacha siku nyingi, alikuwa akilishwa na mama huyu huyu. Akasikia sauti. Nilidhani ataona aibu. Nilidhani atakimbia. Nilikuwa simjui bado.

Akaweka kikombe chini. Akakunja mkono wa shati.

"Mnaongea na nani?"

"Na mke wako," nikamwambia.

Akatazama saa ya kushoto, akainua uso, na naapa hakuwa anatania. "Huyo si mke wangu. Kule sasa hivi ni saa tisa ya usiku. Mke wangu amelala. Mmetapeliwa."

Mdogo wangu akasema polepole, "Mume wangu, ni mimi. Jua ndio linazama hapa."

"Haliwezi kuzama! Limeshazama zamani kule!" Akanigeukia. "Shemeji, kata hiyo simu. Siku hizi matapeli wanaiga mpaka sauti. Huyu atawaomba namba za siri sasa hivi."

"Ulikula nini siku ya harusi yetu ukaharisha?" sauti ikauliza.

Bwana Majira akaitazama saa ya kulia.

"Mayai ya kuchemsha," ikajijibu. "Ulikula mayai ya wageni yote ukawa unapiga mbio usiku kucha. Hilo nalo kuna tapeli analijua?"

Mimi nilimgeukia Mungu kimoyomoyo nisicheke, nikashindwa. Mama hakucheka. Alikuwa ameelekeza uso kwenye simu kama vile angeweza kuiona.

"Kitinda," akasema, "mumeo anasema mimi nimekutuma uongeze miaka miwili."

"Ndivyo aliniambia, mama."

"Na mimi ameniambia wewe umeamua. Sasa tuko hapa watatu na yeye wa nne. Hebu aseme mbele yetu, nani alisema."

Tukamngoja. Alipangusa kiatu kimoja kwa leso, akapangusa cha pili. "Nilikuwa naangalia maisha," akasema. "Nyinyi hamuoni mbali. Mtu akiwa kule, sisi huku tunaheshimika. Akirudi, nitakuwa nani?"

"Msoma mita," mama akamwambia. Akarudi kwenye simu. "Sikiliza mwanangu. Mimi sikuzuii na sikuburuzi, umeshakuwa mtu mzima. Ila ukitaka kujua la moyoni, ni hili: rudi nikuone. Ukinikuta kipofu nitakushika tu, na kushika siyo kuona."

Mdogo wangu alilia kidogo, akapenga kamasi. "Kesho nawaambia siongezi."

"Lakini mke wangu..." Bwana Majira akaanza.

"Wewe si umesema mimi tapeli? Tapeli hana mume." Akaaga mama, akaniaga mimi, akakata.

Ungedhani mtu angejificha baada ya hapo. Wiki ile ile alikuwa kwenye benchi la kinyozi anatangaza kwamba amemwita mkewe arudi, kwamba mji ule umeshamchosha, kwamba kule hakuna undugu, watu wanafunga madirisha mchana. Miti yenye mirija ikawa sasa ni dhambi ya kuchezea maji. Kinyozi akamuuliza mbona jana walikuwa watu wa maana? Akajibu kuwa mwenye akili hubadilika. Kumbe akili ndiyo ile.

Mdogo wangu alirudi asubuhi moja yenye upepo. Nilimpokea mimi, nikamleta moja kwa moja kwa mama. Mama alikuwa kitandani chumbani, ameshavaa khanga yake nzuri tangu alfajiri. Chumba kile kina dirisha dogo tu, mwanga mwingi unaingia kwa mlangoni.

"Sogea," mama akamwambia. "Zaidi. Piga magoti hapa." Akamshika uso kwa mikono miwili, akaugeuza kuelekea mlangoni, akamtazama kipande kipande, paji, pua, midomo, kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Umekonda," akasema. "Na jino hili la pembeni limeoza. Na hapa chini ya kidevu, hili kovu la nini?"

Mdogo wangu akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, maana lile kovu ni dogo, hata mimi njiani sikuliona. "Mafuta ya moto, mama. Mwaka jana. Nililazwa."

Bwana Majira alikuwa amefika, amesimama kizingitini na viatu vyake. "Kulazwa? Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia sauti yangu inatoka kwa shida, naumwa," mdogo wangu akajibu bila kugeuka. "Ukaniambia mtandao."

Akataka kuingia, akataka kueleza. Mama hakuachia uso wa binti yake. Alichofanya ni kupunga mkono mmoja kuelekea mlangoni, hivi, kama anayefukuza kuku.

"Baba, toka hapo mlangoni. Unanizibia mwanga."